Bezi imehamishwa, pointi zimepishana: tusahihishe vipi?

Swali: Shikamoo mzee. Tunapima bonde la mpunga wilayani Kilosa kwa ajili ya mfereji wa umwagiliaji. Siku ya kwanza tulisimamisha bezi, kile kipokezi cha setilaiti kinachokaa mahali pamoja, kilimani karibu na shule, juu ya msumari, tukabonyeza kitufe cha kuchukua kodineti za hapo hapo, tukapima pointi 412. Siku ya pili redio ilikuwa haifiki upande wa chini, tukaihamishia bezi kwenye mwinuko ng'ambo ya mto, kama kilomita 4, tukabonyeza kitufe kile kile na kupima pointi 655. Pointi nne tulizirudia makusudi, nazo zimepishana karibu mita 1.8 kwa E (mashariki), 2.3 kwa N (kaskazini) na 3.9 kwa mwinuko. Nimekutumia tofauti zenyewe. Mwenzangu anasema tufanye kalibresheni kwa pointi hizo nne, programu itanyoosha yenyewe. Mwingine anasema turudie kazi yote. Bezi zilirekodi data ghafi siku zote mbili, ya kwanza kwa saa tano, ya pili kwa saa mbili na nusu. Misumari bado ipo. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba. Kazi msiirudie, na kalibresheni msiifanye. Vipimo vyenu ni vizima. Kilichokosewa ni kodineti za sehemu mbili tu, pale zilipokaa bezi, na hizo zinatengenezeka ofisini kwa kujumlisha na kutoa. Ila kwenye tofauti ulizonitumia kuna namba moja mmeipita haraka, nayo ndiyo ingewaharibia mfereji. Nitaifikia.

Tuanze na kinachotokea bezi inapofanya kazi, maana ukikielewa hicho utajua mwenyewe ni sahihisho gani linafaa na lipi ni la kubahatisha. Rova, kile kipokezi cha kwenye fimbo mnachotembea nacho, haijui iko wapi duniani. Inachokijua, kwa usahihi wa sentimita moja au mbili ikiwa imeshika fiksi (yaani imemaliza kutatua hesabu ya mawimbi), ni imetoka bezi kiasi gani na kwa upande gani: mashariki kiasi hiki, kaskazini kiasi hiki, juu au chini kiasi hiki. Bezi inatangaza redioni mambo mawili. La kwanza ni vipimo vyake vya mawimbi ya setilaiti. La pili ni kodineti zake yenyewe, ambazo katika RTCM, lugha ambayo bezi huongea na rova, huenda ndani ya ujumbe namba 1005 au 1006. Rova huzipokea kodineti hizo kama ilivyopewa, haihoji, inajumlisha umbali wake juu yake na kukuandikia pointi. Kwa hiyo ukimwambia rova kwamba bezi iko mita mbili kaskazini ya ilipo kweli, kila pointi ya siku ile itasogea mita mbili kaskazini: ya kwanza, ya mia nne, iliyo hatua kumi kutoka bezi na iliyo kilomita tano.

Ni kama mtu anayepima shamba kwa kamba iliyofungwa kwenye kigingi. Kamba ni ile ile na mafundo yake ni yale yale. Mkibishana baadaye kigingi kilikuwa wapi, hamna haja ya kupima shamba upya. Amueni kigingi kilikuwa wapi, na shamba lote litakaa mahali pake.

Sasa kitufe cha "hapo hapo". Ukikibonyeza, bezi inajitafutia mahali peke yake, bila msaada wa mtu, kama simu yako inavyofanya. Ukibahatika utakosea mita moja. Kosa la mita mbili au tatu kwa mlalo ni la kawaida, na mwinuko kwa kawaida hukosewa zaidi ya mlalo. Sisi tulio karibu na ikweta tunaumia zaidi kidogo, kwa sababu ionosfea, tabaka la juu la anga linalochelewesha mawimbi, juu yetu ni nzito, hasa mchana ukishageuka. Kusubiri dakika tano ili bezi ichukue wastani hakusaidii kama watu wanavyodhani: kosa la dakika ya kwanza na la dakika ya tano ni ndugu, yanaelekea upande mmoja, na wastani wa makosa yanayoelekea upande mmoja ni kosa. (Wazee wenzangu watakumbuka kwamba kabla ya tarehe 2 Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiichafua ishara ya GPS makusudi, na kitufe hiki kilikuwa kinakukosesha makumi ya mita. Mmezaliwa na bahati.)

Kwa hiyo mlibonyeza kitufe mara mbili, siku mbili, sehemu mbili, mkapata makosa mawili tofauti. Ile mita 1.8 na mita 2.3 mnazoziona si kosa la siku ya pili. Ni tofauti kati ya kosa la Jumatatu na kosa la Jumanne, kama ndizo siku zenyewe. Hakuna siku kati ya hizo mbili iliyo sahihi. Watu wengi hukosea hapa: wanaisogeza siku ya pili ilingane na ya kwanza, pointi zinakaa vizuri, wanafurahi, wanapeleka ramani ambayo yote kwa pamoja imekaa mita moja na nusu pembeni na mita tatu juu ya mahali pake.

Kazi yenu basi ina hatua mbili. Kwanza kuziunganisha siku mbili. Pili kuzipeleka zote mahali pa kweli.

Hizi ndizo tofauti ulizonituma, siku ya kwanza kutoa siku ya pili:

Pointi ya 1: E +1.842, N −2.317, mwinuko +3.906
Pointi ya 2: E +1.851, N −2.309, mwinuko +3.921
Pointi ya 3: E +1.838, N −2.322, mwinuko +3.897
Pointi ya 4: E +1.847, N −2.311, mwinuko +3.708

Tazama E na N. Wastani wa E ni +1.845, wa N ni −2.315, na hakuna pointi inayokimbia wastani kwa zaidi ya milimita 7. Hivyo ndivyo kosa la bezi linavyopaswa kuonekana: namba ile ile kila mahali. Kama tofauti zingekuwa zinakua kadiri unavyokwenda mbali, au zinageuka upande, ningekuambia kuna jambo jingine tena ndani yake. Hazikui.

Halafu tazama mwinuko. Pointi tatu za kwanza zinakubaliana, wastani wake 3.908, na hakuna inayoukimbia kwa zaidi ya milimita 13, jambo ambalo kwa RTK (upimaji huu wa bezi na rova papo hapo) ni zuri kwa mwinuko. Ya nne inasema 3.708. Wewe uliandika "karibu 3.9" ukasonga mbele. Toa 3.708 kwenye 3.908: unapata 0.200 kamili. Setilaiti hazikosei kwa namba za duara. Binadamu ndio wanaokosea kwa namba za duara. Fimbo nyingi za rova zina vishikizo viwili, kimoja kwenye mita 1.80 na kingine kwenye 2.00, na hapo ndipo nadhani jibu lilipo. Ama siku ya kwanza mtu alishusha fimbo hadi 1.80, pengine kupita chini ya mwembe, na kontrola (kikompyuta cha mkononi cha rova) ikabaki imeandikwa 2.00, hivyo pointi ikatoka chini ya ilivyo. Ama siku ya pili kontrola iliandikwa 1.80 ilhali fimbo iko 2.00, hivyo pointi ikatoka juu. Kontrola hutunza urefu wa fimbo kwa kila pointi. Fungua pointi ya nne ya siku zote mbili uone. Kama kote imeandikwa 2.00, basi ni lile la kwanza, na swali linalofuata ni baya zaidi: fimbo ilishushwa tangu pointi namba ngapi, ikarudishwa kwenye namba ngapi? Chora mstari wa mwinuko wa pointi kwa mpangilio zilivyopimwa, tafuta mahali ardhi inaporuka sentimita 20 ghafla. Kwenye bonde la mpunga, ambako ardhi ni tambarare kama meza, mruko huo utaonekana kwa macho. Zilizo katikati ya miruko miwili ziongezeeni 0.20.

Ndiyo maana nawakataza kalibresheni. Simkosoi mwenzako, kalibresheni ina kazi yake, pale unapotaka kukaa juu ya bikoni za zamani za eneo, yaani alama za upimaji zenye kodineti zinazojulikana, ambazo zenyewe zina upotofu wao. Lakini angalia ingefanya nini hapa. Kalibresheni ina ruhusa ya kusogeza, kuzungusha, kuvuta skeli, na kwenye mwinuko kuinamisha uso mzima wa ardhi. Ukiipa pointi nne zilizokaa kama pembe za mstatili, na moja ina kosa la sentimita 20, haitapiga kelele. Itainamisha uso, imeze sentimita 15 kati ya zile 20, na kukuonyesha mabaki ya sentimita 5 kwenye kila kona. Utaona sentimita 5, utasema si mbaya kwa mwinuko, utakubali. Mfereji wenu, nadhani, utakuwa na mteremko kama wa 1 kwa 2,000, yaani nusu mita kwa kilomita. Sentimita 15 ni mteremko wa mita 300 za mfereji. Maji yatasimama, na mkandarasi na mpima wataanza kutafutana.

Kosa la bezi husogeza tu. Halizungushi, haliinamishi, halivuti. Basi na sahihisho liwe la kusogeza tu: namba tatu, kwa wote.

Kwa ukamilifu, si kweli kabisa kwamba halivuti. Kukosea mahali pa bezi huharibu kidogo na umbali wenyewe, kwa kuwa hesabu ya setilaiti imefanyika kutoka mahali pasipo. Kipimo cha haraka ni kuchukua kosa la bezi, kuligawa kwa umbali wa setilaiti, ambao ni kama kilomita 20,200, na kuzidisha kwa umbali wa rova kutoka bezi. Kosa la mita 3.7 na rova iliyo kilomita 6: milimita moja. Msahau. Lakini mtu akikuletea bezi iliyokosewa mita 300, usimfanyie usahihisho wa kusogeza ukadhani umemaliza. Huyo data yake ichakatwe upya.

Hatua ya kwanza, basi. Kila pointi ya siku ya pili ongezeni E 1.845, punguzeni N 2.315, ongezeni mwinuko 3.908. Pointi ya bezi yenyewe ya siku ya pili nayo isogee pamoja na wenzake. Watu huisahau, halafu mwezi ujao mtu anasimamisha bezi pale pale kwa kodineti za zamani na hadithi inaanza upya.

Hapo kwenye kuongeza na kupunguza pana mtego wa alama. Nimewaona watu wazima, mmoja wao ni mimi, wakitoa palipotakiwa kujumlisha. Dawa yake ni ndogo: ukishasogeza, linganisha tena pointi ya 1 ya siku mbili. Ikiwa tofauti imekuwa sifuri na milimita kadhaa, sawa. Ikiwa imekuwa 3.687 kwa E, umekwenda upande usiofaa na kosa limekuwa maradufu. Fanya hivyo kabla ya kufunga faili, na faili la asili usiliguse kamwe. Fanya kazi kwenye nakala.

Hatua ya pili inategemea zile data ghafi, na hapa mmejiokoa wenyewe. Saa tano za bezi ya kwanza zinatosha vizuri. Zigeuzeni kuwa faili la RINEX (muundo wa data ghafi unaosomwa na programu za kampuni zote), mlitume kwenye huduma mojawapo ya bure: AUSPOS ya Australia, CSRS-PPP ya Kanada au OPUS ya Marekani. Zote zinapokea data kutoka popote duniani na kurudisha majibu kwa barua pepe. Andikeni aina ya antena sawasawa na urefu wake hadi kwenye kitako cha antena, si hadi katikati, si urefu wa mshazari mliopima kwa futikamba kutoka ukingoni. Mkikosea urefu wa antena hapa, mtaupata mwinuko mzuri wa mahali pasipo. Kama hamna haraka ya kesho, subirini. Hesabu za haraka za mizunguko ya setilaiti hutolewa siku inayofuata, na zile za mwisho, zilizo bora, baada ya wiki mbili hivi. Kwa saa tano, tofauti haitakuwa kubwa.

Tuseme kitufe kiliipa bezi ya kwanza E 279412.316, N 9244870.542, mwinuko 486.270, na huduma ikarudisha, baada ya kuiweka kwenye UTM (gridi ya ramani ya mita) kanda ya 37 kusini, E 279413.104, N 9244869.287, mwinuko 482.915. Namba hizi nimezitunga za kielelezo. Zenu zitakuwa nyingine. Tofauti, ya kweli kutoa ya kitufe, ni E +0.788, N −1.255, mwinuko −3.355. Siku ya kwanza yote isogezeni hivyo. Siku ya pili, ambayo mmeshaiunganisha na ya kwanza, nayo hivyo hivyo. Ukitaka kuisogeza siku ya pili mara moja tu kutoka faili lake la asili, jumlisha hatua mbili: E +2.633, N −3.570, mwinuko +0.553.

Na sasa sehemu ninayoipenda. Itumeni na bezi ya pili kwenye huduma, ile ya saa mbili na nusu, kana kwamba hamjui kitu. Ikirudi, itoeni ile ya kitufe. Kwa mfano wangu mngetarajia kupata karibu +2.633, −3.570, +0.553 bila kupita kwenye pointi nne kabisa. Saa mbili na nusu ni chache, hivyo mwinuko unaweza kutofautiana sentimita kadhaa, wala msishtuke. Lakini zikikubaliana ndani ya hapo, mna njia mbili zisizojuana zilizofika mlango mmoja: moja kwa miguu bondeni, nyingine kwa setilaiti. Zisipokubaliana kwa nusu mita, kuna msumari uliosimamiwa vibaya au urefu wa antena ulioandikwa vibaya, na mmeligundua kabla ya mhandisi. Kwa kuunganisha siku mbili endeleeni kutumia zile pointi nne. Ni sahihi zaidi kuliko saa mbili na nusu za bezi ya pili.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini tusichakate tu bezi moja kwa nyingine kutoka data ghafi. Tungeweza kama zingekuwa zimerekodi wakati mmoja. Zenu zilirekodi siku tofauti, hazikuonana.

Halafu kuna suala la mfumo gani wa kodineti, na hapa naomba msome polepole. Majibu ya huduma hizi hutoka kwenye ITRF, mfumo wa kodineti wa dunia nzima, kwa tarehe mliyopima. Ardhi yetu haitulii: huku Afrika Mashariki inakwenda kaskazini-mashariki kwa karibu sentimita 3 kila mwaka. Mfumo rasmi wa Tanzania, TAREF11, umefungwa kwenye mwaka 2011, kama jina linavyosema. Kila miaka kumi ya mwendo huo inafika karibu sentimita 30. Kwa mfereji unaojitegemea ndani ya bonde si kitu, mradi kila mtu atumie kodineti zile zile. Lakini mkiwa na bikoni ya TAREF11 karibu, au mchoro wa viwanja uliofungwa humo, msichanganye. Pimeni bikoni kwa rova, muone tofauti, na siku zote mbili zisogee kwenda kwenye bikoni badala ya kwenda kwenye majibu ya huduma. Na mkipewa kodineti za bikoni ya zamani kutoka kwenye faili la karatasi, ulizeni kwanza kama ni Arc 1960, mfumo wa zamani wa ramani zetu. Arc 1960 na WGS 84 (mfumo wa GPS) katika nchi yetu zimepishana takriban mita 300 kwa kaskazini na kusini na karibu mita 90 kwa mashariki na magharibi. Mtu akiingiza namba ya Arc 1960 kwenye bezi iliyowekwa WGS 84, hilo ndilo lile kosa la mita 300 nililolitaja.

Mwinuko una mtego wa aina hiyo hiyo. Setilaiti hutoa mwinuko juu ya elipsoidi, umbo laini la kihesabu la dunia. Maji hufuata jioidi, uso wa usawa wa bahari ulioendelezwa chini ya nchi kavu. Dar es Salaam jioidi iko zaidi ya mita 20 chini ya elipsoidi. Siku moja ikitolewa na modeli ya jioidi, kama EGM2008, na nyingine bila, mtaona tofauti ya mita makumi ambayo tena haiko sawa kila mahali, kwa hiyo haisahihishwi kwa namba moja. Tofauti yenu ya 3.9 imetulia pointi tatu zote, hivyo hamkuingia humo. Lakini kabla ya kumpa mhandisi mwinuko, hakikisheni jioidi imeshawekwa, na mwambieni ni ipi.

Kuhusu namna ya kulifanya hili kwenye mashine: kama mradi bado uko ndani ya kontrola au programu iliyotunza vekta (umbali na upande wa kila pointi kutoka bezi), msihangaike na Excel. Fungua bezi ya siku husika, badilisha kodineti zake tatu, na pointi zote zitaifuata zenyewe. Ni safi zaidi na inaacha kumbukumbu. Kama mmebaki na orodha ya E, N na mwinuko peke yake, safu tatu za kujumlisha zinatosha. Msisahihishe kwenye nyuzi za latitudo na longitudo. Tarakimu ya tano baada ya nukta ni mita 1.1 hivi, na hapo ndipo watu hupoteza sufuri moja na kuhamia kijiji kingine.

Kuna hali ambazo dawa hii haiponyi, na ni vyema uzijue kwa kuwa mnafanya kazi bondeni. Ikiwa bezi imehamishwa lakini kodineti za zamani zimebaki ndani yake, kosa ni la kilomita nne badala ya mita mbili, na kusogeza peke yake hakutoshi: data ichakatwe upya, kama ile ya mita 300. Ikiwa mbuzi ameipiga kumbo bezi saa nane mchana mkairudisha juu ya msumari, au hamkuirudisha, mna makundi mawili ndani ya siku moja, kabla ya mbuzi na baada ya mbuzi. Data ghafi ya bezi ikichakatwa kama kitu kinachotembea, badala ya kilichotulia, itawaonyesha dakika ile ile mbuzi alipopita, mradi pigo lenyewe ni la sentimita kadhaa.

Lakini bezi ikizama polepole, hakuna namba ya kusogeza. Hilo lilinipata mwenyewe. Nilikuwa kijana kama wewe, nikasimamisha bezi kwenye udongo wa mbuga asubuhi baada ya mvua ya usiku. Ule udongo mweusi unashika kiatu, lakini haushiki mguu wa stendi. Kadiri jua lilivyopanda mguu mmoja ulizama, antena ikashuka na kuinama. Bezi imeshuka lakini kodineti zake ziko pale pale, kwa hiyo rova iliona ardhi ya dunia nzima inapanda. Jioni nilirudi kwenye pointi ya asubuhi nikakuta imepanda sentimita 9. Msimamizi wangu aliniuliza kama nimegundua mlima. Hatukujua imezama kiasi gani saa ngapi; bezi ile haikuwa inarekodi. Tulirudia siku nzima, na tangu hapo kwenye udongo ule naiweka miguu ya stendi juu ya vipande vya matofali vilivyofukiwa na kushindiliwa, na pointi ya asubuhi naigusa saa sita na jioni.

Nyinyi mlikuwa kilimani na kwenye mwinuko, na tofauti za pointi zenu nne hazina dalili hiyo. Lakini niambie pointi hizo nne mlizirudia saa ngapi. Kama zote ni za asubuhi, hazisemi lolote kuhusu jioni.

Na siku ya tatu, mkihama tena, msibonyeze kitufe. Bezi ikiwa bado kwenye kilima cha shule, mtu mmoja aende na rova hadi mahali papya kama redio inafika, apigilie msumari, aupime mara mbili kwa kushika fiksi upya, dakika tatu kila mara, fimbo ikiwa imeshikwa na vijiti viwili na kiputo cha pimamaji kimetulia katikati. Kisha bezi ihamie juu ya msumari huo na ipewe kodineti zilizopimwa. Redio isipofika, bonyeza kitufe kama ulivyofanya, rekodi data ghafi kwa saa nne au zaidi, na urudie angalau pointi tatu zilizotapakaa. Hamkukosea kubonyeza kitufe. Kosa lingekuwa kuondoka bila data ghafi na bila zile pointi nne.

Sasa kabla ya kugusa E na N, fungua kontrola uangalie urefu wa fimbo kwenye pointi ya nne. Kisha umuulize aliyeshika fimbo siku ya kwanza, kwa upole, kama alipita chini ya mwembe.